Jiko la Sebuleni

Sebuleni kwa bibi Onorina hakai mtu aliye hai. Kochi limefunikwa nailoni, vikombe vya harusi vimefungiwa kabatini, madirisha hayafunguliwi. Maiti hulazwa humo kabla ya kuzikwa. Padri naye hukaribishwa humo, lakini huwa hakawii kuaga, na Onorina humsifu kwa unyenyekevu wake. Wengine wote ni jikoni.

Baridi ilipoanza kushuka vilimani, mwanawe Ivaldo alipanda kutoka mjini Alba na kutoa amri.

"Mama, mzee hawezi tena kupasua kuni, mgongo umekwisha. Nunueni jiko la punje la kupasha nyumba joto. Nikija Krismasi nikakuta mnakula na makoti mwilini, nawashusha wote wawili mjini. Chumba kipo kwangu, ghorofa ya nne."

Onorina aliiogopa ghorofa ya nne kuliko kaburi. Kaburini angelala kwenye udongo wa kwao. Kule angelala juu ya daktari wa meno wa ghorofa ya tatu.

Wakaenda dukani. Punje zenyewe ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, ukiziona utadhani chakula cha kuku. Onorina akayapita majiko yote ya kijivu bila hata salamu, akasimama mbele ya moja la vigae vyekundu kama mvinyo. Akalipenda palepale.

"Haya," akasema mumewe, Celestino. "Nilipata jiko ujanani, mpaka leo linanifokea. Sasa naongezewa la pili."

"Hili litakupa joto, labda utashukuru. Langu hukulishukuru."

Fundi alikuja na bomba la moshi begani. "Mnashinda wapi, mama?"

"Jikoni."

"Basi tuliweke jikoni."

"Kitu kizuri hivi, kando ya ndoo ya maganda? Weka sebuleni, wageni walione."

"Wageni gani?" akauliza Celestino.

"Wewe nyamaza."

Fundi akatoboa ukuta wa mawe asubuhi nzima, akiwatukana waliojenga nyumba ile na mama zao. Jioni jiko likawaka, na sebule ikapata joto la kuangulia vifaranga. Onorina alifurahi mno. Akafunga mlango ili joto lisitoroke, akarudi jikoni kuvaa koti.

Wakaishi hivyo. Wao wanakunywa supu huku wakitoa mvuke puani, kochi linaota moto. Celestino akienda kuongeza punje, harudi upesi.

"Unafanya nini huko, mzee?"

"Namsalimia marehemu baba yako. Anasema kuna joto, tusikae huko kama wajinga."

"Mwambie hatujafa bado!"

Siku ya Krismasi wakasikia gari la Ivaldo likipanda kilima. Onorina akalitazama koti lake, akamtazama mumewe na kofia yake ya sufu, akaikumbuka ghorofa ya nne.

"Shika meza!"

"Niipeleke wapi?"

"Sebuleni! Shika huko!"

"Si ulisema mule ni mwa wafu?"

"Wasogee!"

Wakaisukuma meza na polenta, ugali wao wa mahindi, juu yake, makoti wakayatupa chini ya kitanda. Onorina akaing'oa nailoni kwa kucha zake mwenyewe. Ivaldo alipoingia aliwakuta wazee wako na mashati tu, wanakunywa mvinyo kwenye vikombe vya harusi. Akavua koti. Akavua sweta.

"Kumbe pana joto hivi?"

"Tunakaaga hapa siku zote," akasema Celestino, macho makavu.

Hapo ndipo Onorina alipokalia kochi lake mara ya kwanza tangu aolewe. Lilikuwa gumu kama ubao, na springi ikamchoma kalio. Akamkumbuka padri na haraka zake. Kumbe haukuwa unyenyekevu.

"Ivaldo, mwanangu," akasema, "kile chumba chako cha ghorofa ya nne bado kiko wazi?"

"Kiko wazi, mama."

"Basi ukishuka, ondoka na hili kochi."