Live au Leave

Nimefundisha Kiingereza hapa mjini kwetu Beanibazar miaka thelathini na minne, kumbe masikio yangu hayakuwahi kwenda shule. Acheke anayetaka.

Shemeji yangu Suratun, mjane wa rafiki yangu, anaishi peke yake kwenye ghorofa aliyojengewa na mwanawe kwa pesa za London. Vyumba tisa, mtu mmoja. Jumatatu aliniita nimsikilizie ujumbe wa sauti wa mjukuu wake Naureen, aliyezaliwa huko, asiyejua lugha yetu ya Kisylheti hata ya kuombea maji. Mtoto alikuwa analia: Baba kasema hatuwezi "liv" hapa tena.

Sisi huku live na leave hututoka mdomoni sawasawa. Moja ni kuishi, jingine ni kuondoka. Nikachagua nililolitaka.

"Hawawezi kuishi huko tena. Wanarudi, shemeji!"

"Mwalimu, usinitanie na uzee huu."

"Nikutanie nini? Kiingereza ndicho kilichonilisha!"

Mama wa watu alilia, akacheka, akalia tena. Siku nne hakukaa kitako. Alifungua vyumba vya juu, akaanika magodoro na mablanketi, akatia achari ya ndimu mitungi mitatu kwa kuwa mwanawe huipenda. Majirani wakatangaziwa wote. "Sasa mtanikoma," akawaambia, "nitakuwa na kelele nyumbani kuliko nyinyi!"

Ijumaa, baada ya swala, Naureen akaandika. Nilisoma mara moja tu. Leave. Hawawezi kuondoka: mama yake kapata kazi kubwa, hata safari yao ya kuja kututembelea Desemba imevunjwa.

Nilitaka kumdanganya, wallahi nilitaka. 

"Mbona hunisomei?" akaniuliza. "Wanafika lini?"

"Shemeji, nilikosea neno. Hawaji."

Alitazama mablanketi yaliyoanikwa barazani. Nilingoja anitukane, na ningestahili. Hakunitukana.

"Kumbe mtoto alilia kwa kutaka kuja," alisema. "Maskini. Nifundishe nimjibu kwa sauti yangu mwenyewe. Nimwambie hata mimi siwezi kuondoka hapa, babu yake kazikwa hapa. Asione ni wao tu waliokwama."

Nikamfundisha. "Livute, shemeji. Liiiv. Ukilikata, umesema kuishi."

"Liiiv," akasema. "Liiiv. Meno yenyewe sina, unanitesa tu."

Mara sita alilitamka vizuri kuliko mimi. Kisha akabonyeza simu, akaisogeza mdomoni, akaita jina la mtoto. Pale pale pumzi ikamkatika, na neno likatoka fupi. Safari hii nililisikia sawasawa: kamwambia mjukuu wake kwamba yeye, bibi yake, hawezi kuishi hapa.

Ujumbe ukaenda.

"Nimepatia?" akaniuliza.

"Umepatia, shemeji."