Nusu ya Bingwa

Tamali, madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwa maganda, zilikataa kuiva. Maji yalitokota, mvuke ukajaa jikoni mpaka vioo vya madirisha vikatiririka, lakini kila Nieves alipofunua sufuria na kufungua ganda moja la mahindi, alikuta unga ndani yake bado mbichi, umeng'ang'ania ganda kama kupe.

"Humu ndani kuna mtu kanuna," Nieves alisema, akirudisha kifuniko kwa kishindo. "Haiwezekani. Toka asubuhi!"

Alikwisha kufunga vipande vya maganda kwenye mikono ya sufuria, kama vitambaa kwenye masikio ya punda, ili umbeya na hasira visiingie. Havikusaidia. Hakuna mwanamke wa upande ule wa San Antonio asiyejua kwamba tamali za Krismasi haziivi penye mtu mwenye kinyongo.

Zenaida alikuwa dirishani kwa mara nyingine, mikono imejaa unga hadi viwikoni, akitazama barabara.

"Shoga, unamngoja Papa wa Roma?" Nieves alimuuliza.

"Namngoja don Abundio."

Don Abundio, yaani bwana Abundio kwa Kihispania, alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji mtaa wa pili, na alikuwa amekubali kuchapa mashairi ya Zenaida. Kitabu kizima, jina lake juu ya jalada. Mkataba ulikuwa juu ya friji, umekandamizwa kwa chupa ya pilipili. Zenaida alishaweka saini yake. Iliyokosekana ni ya mumewe, Fidencio.

"Binti, mimi sina ubaya na mtu," don Abundio alikuwa amemwambia. "Lakini kwa sheria hii ya Texas, kitakachotoka katika jasho lako mwenye amri nacho ni mumeo. Kesho akija na wakili nitamwambia nini?"

"Sheria inabadilika Mwaka Mpya. Imeshapitishwa. Jasho langu litakuwa langu."

"Mwaka Mpya mashine yangu ni ya wagombea wa uchaguzi na mabango yao. Ni Jumamosi hii, au sijui lini."

Jumamosi ndiyo hii, mwishoni mwa Desemba 1967, na don Abundio alikuwa aje kuuchukua mkataba. Na asubuhi, akinyoa ndevu, Fidencio alikuwa amemwambia bila kugeuka, "Nitaweka saini. Utoe lile shairi la baba tu."

Marehemu baba yake Fidencio aliitwa Bingwa kuanzia mabondeni kusini mwa Texas hadi Lubbock kaskazini. Hakukuwa na mtu aliyechuma pamba kama yeye, na mpaka leo wazee wakipata bia mbili hulitaja jina lake. Shairi la Zenaida lilisema nusu ya pamba ile ilichumwa na mkewe, mama Petronila, ila karani wa shamba aliandika magunia yote kwa jina la mume.

"Ni kweli, na unajua ni kweli," Zenaida alikuwa amemjibu.

"Umemuuliza mama? Umeandika kwa mdomo wake, ukamuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Ndiyo maana tangu asubuhi hakutulia kitini. Mama Petronila alikuwa pale pale mezani, akipaka unga kwenye maganda kwa mgongo wa kijiko, na Zenaida hakuweza kumtazama usoni.

"Aliyenuna acheze ngoma," Nieves aliamuru. "Dawa ni hiyo moja. Azunguke jiko, acheze, hasira itoke. Zenaida, jitokeze."

"Sichezi."

"Basi tutakula mbichi!"

"Nani kakuudhi, mwanangu?" mama Petronila aliuliza polepole.

"Mwanao, mama."

"Ah, huyo. Kafanya nini?"

Zenaida alifuta mikono kwenye aproni, akaichafua tena, akafuta tena. Kama ni kumkosea mama huyu, amkosee mbele yake, si kitabuni. Akasimama katikati ya jiko, akasema shairi kwa moyo:

*Vidole vilochanika, ni vyangu, watu waone;*
*Gunia likijazika, jina huwa ni jingine;*
*Bingwa huyo kasifika, nusu yake ni mwingine;*
*Leo kinywa chafunguka, nusu yangu na nione.*

Kijiko cha mama Petronila kilisimama. Mlangoni walikuwa wamesimama Fidencio na don Abundio, kofia mikononi. Hakuna aliyejua wamesikia kuanzia wapi.

"Unaona?" Fidencio alisema. "Umemliza mama yangu."

"Nani analia? Mvuke huu," mama Petronila alisema, akajifuta kwa mkono wa gauni lake. "Lakini binti, umekosea."

"Wapi, mama?" Zenaida aliuliza.

"Nusu? Nusu gani? Mgongo ulimkataa baba yenu kabla huyu Fidencio hajazaliwa. Alikuwa analala chini ya lori, mimi najaza gunia lake na langu. Nusu!"

Nieves alicheka mpaka akashika meza.

"Mama!" Fidencio alisema.

"Na nilimpenda. Hilo nalo uliandike." Kisha akamgeukia mwanawe. "Weka saini, usinitie aibu mbele ya watu."

Masikio yalimwiva Fidencio kwa aibu. Kisha akauchukua mkataba juu ya friji, akaomba kalamu kwa don Abundio, akainama mezani. Zenaida alitazama ncha ya kalamu ikishuka. Kitu alichokitaka miaka yote kilikuwa pale, upana wa kidole kutoka kwake. Akapiga kiganja chake juu ya karatasi, unga na vyote.

"Hapana."

"Nini tena? Si nimekubali?"

"Umekubali, ahsante. Lakini nikilichapa shairi hilo kwa ruhusa ya mwana wa Bingwa, mimi nami ni gunia lingine tu kwa jina la mume. Nangoja Mwaka Mpya."

"Binti, usiipige teke bahati," don Abundio alisema. "Sikuahidi mashine."

"Sijaomba ahadi. Nitakuja mlangoni kwako siku utakayofungua. Ukinikataa, nitaenda kwingine."

Don Abundio aliizungusha kofia yake. Alimtazama mama Petronila, akatazama alama ya kiganja cheupe juu ya mstari wa mume.

"Nafungua tarehe mbili, mapema," alisema mwishowe. "Wagombea ni watu wa kulala, hawatawahi. Zaidi ya hapo sisemi."

Haikuwa ndiyo. Zenaida aliirudisha karatasi chini ya chupa ya pilipili.

Nieves alifunua sufuria, akafungua ganda, akasonya.

"Bado mbichi! Nani kanuna sasa?"

Wote wakamgeukia Fidencio.

"Mimi? Mimi sijanuna!" alifoka.

"Cheza, shemeji," Nieves alisema, akiisukuma meza ukutani kumpa nafasi.