Nishani ya Mshirika

Hadithi hii ni kweli tupu, haina chumvi hata ya kuonjea. Nikiongopa neno moja, nikalishwe kwenye benchi la fundi cherehani, lile lisilo na egemeo, linalobana makalio kama koleo.

Kwa fundi huyo palikuwa na benchi hilo na kiti kimoja tu cha maana, chenye mikono na mto. Wastaafu wawili walikigombea kila asubuhi. Mmoja alikuwa Mwalimu, mwenye miwani ya kusomea na nyingine ya kudharau watu. Wa pili alikuwa Mzee Waya, fundi umeme ambaye mgongo wake ulistaafu kabla yake. Akishinda benchini, jioni alirudi nyumbani kajikunja kama ndoano.

Siku hiyo fundi cherehani alichoka na kelele zao.

"Kila siku mnabishana nani hasa alishinda ile Vita Kuu ya Pili. Leo mmalize. Atakayenishawishi, kiti ni chake mpaka mto upasuke."

"Warusi," Mwalimu akawahi. "Wengine walipokuwa wanachonga penseli za kuchorea ramani, wao walikuwa wanazika."

"Na viatu walivaa vya nani?" fundi akauliza, pini zikiwa mdomoni. "Mmarekani kawaletea malori, viatu, nyama za makopo. Jeshi bila vifungo, Mwalimu, ni wanaume walioshika suruali kwa mikono miwili. Bunduki utaishika na nini?"

"Kumbe adui alipigwa kwa vifungo!"

"Sijasema hivyo. Nasema vilikuwepo."

"Basi na Waingereza tuwakumbuke," Mwalimu akadhihaki. " Walisimama peke yao, maskini. Peke yao kabisa, wao na nusu ya dunia iliyowabebea masanduku."

Mzee Waya alikuwa akiwatazama kama paka aliyeona samaki. Polepole akatoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza ya kukatia. Ndani mlikuwa na nishani ya shaba iliyolika ukingoni.

"Mmemsahau mshirika mmoja," akasema. "Marehemu baba."

Mwalimu akabadili miwani. Herufi ya kwanza ilikuwa imefutika, ila zilizobaki zilisomeka: SHIRIKA.

"Mshirika," Mzee Waya akawasaidia. "Mmoja wa Washirika wenyewe, walioshinda ile vita. Na hiyo hapo chini ni ndege ya kivita. Tazama mabawa. Baba alikuwa akitusimulia: 'Walitushukia kutoka angani, maelfu kwa maelfu. Wenzangu wakatupa vyombo wakakimbia. Mimi nikabaki, nikawashinda kwa moshi.' Siku moja alirudi uso umevimba, jicho moja halionekani. Hakulia."

 Fundi akakikung'uta kile kiti vumbi kwa kanga ya mteja. Mzee Waya akageuka, akaanza kuteremka kwa heshima kama mfalme anayekalia nchi yake, mgongo ukishukuru mapema.

Hapo mlangoni akaingia dada yake mkubwa, kufuata gauni lake.

"Eh! Nishani ya baba! Nimeitafuta mpaka uvunguni, kumbe umeiiba wewe kitindamimba?"

"Dada, usiiguse. Ni ya vita."

"Vita gani? Huyo si nyuki?"

Mzee Waya akaganda hewani, makalio yakiwa shubiri moja juu ya mto.

"Hiyo iliyofutika ni U," dada akaendelea, akisugua shaba kwa kidole. "Ushirika. Ushirika wa Warina Asali. Walimpa mwaka alioumwa mpaka uso ukawa kama mkate. Au umesahau ulivyokula asali ile hadi ukatapika?"

Mwalimu alicheka mpaka miwani zote mbili zikaanguka. "Warusi, Wamarekani, Waingereza na nyuki!"

"Wazee," fundi akasema huku akimwelekezea Mwalimu kiti, "hukumu imeshatoka."

"Lakini moshi ni kweli!" Mzee Waya akalia.

Mkiniuliza nimejuaje mgongo wa mwenzangu ulikuwa ukishukuru, nitasema niliusikia. Basi, basi, msinitazame hivyo: mgongo ni wangu, na neno moja nimeongopa. Sogeeni kidogo hapo benchini, nami nikae. Na dada, ukitoka, nisogezee walau huo mfuko wa vitambaa vya fundi niuegemee.