Namba Nane ya Harlan

"Tena," Lyle alisema.

Marlys alirudi hatua moja nyuma, akavuta pumzi, akapiga. Mpira ulikwenda chini chini ukagonga wavu pembeni kabisa. Lyle alimpokea fimbo ya gofu, akaigeuza kichwa juu na kuutazama utepe aliokuwa ameubandika kwenye unyayo wa kichwa cha chuma. Mkwaruzo ulikuwa kisiginoni, upande wa mpini, vilevile kama mara tatu zilizopita. Fimbo zile zilipindwa kwa ajili ya mwanamume mrefu, na Marlys alikuwa akimfikia mumewe kifuani.

"Niambie ukweli. Nimeharibu sana?"

"Nimeona vituko zaidi hapa. Ile taa iliyopasuka pale juu ni kazi ya Harlan."

Marlys alicheka, kisha akanyamaza ghafla, kama watu wanavyofanya wakikumbuka kwamba wamefiwa. Mumewe, Harlan Dykhuis, alizikwa Novemba, kabla ardhi ya Kalamazoo haijaganda. Sasa Machi ilikuwa inaisha, theluji imebaki vichuguu vichafu kwenye kona za maegesho, na uwanja wa gofu ulikuwa unafunguliwa Alhamisi. Miaka yote Alhamisi ilikuwa siku ya Harlan na wenzake wawili. Marlys alitaka kuishika nafasi yake, kwa fimbo zake. Alikuja na mfuko mzima begani, na mkate wa ndizi, kana kwamba anakwenda kumjulia mtu hali.

Na pengine hakukosea. Lyle Bouwkamp alikuwa na miaka sabini na mbili, na karibu arobaini kati ya hiyo aliimalizia katika chumba hiki kati ya duka la kufulia nguo na ofisi ya kodi, akiwatengenezea watu fimbo za mchezo ambao mwenyewe hakuucheza tena. Chakula cha mchana alikula amesimama. Zipo siku ambazo sauti ya kwanza aliyoisikia ikitoka kinywani mwake ilikuwa ni ya kujibu simu, na ilimshtua.

Alitoa fimbo nyingine ukutani. "Jaribu hii. Hii ni ya kalibu."

Marlys akapiga. Mpira ukainuka ukanyooka.

"Loo! Nimeipiga vibaya hiyo, nimesikia kabisa."

"Umeipiga vibaya, imekusamehe. Chuma kimeyeyushwa kikamiminwa, kwa hiyo wanakipa umbo wanalotaka. Tumbo pana, uzito wameusukuma pembeni. Za Harlan ni za kufua. Kipande kimoja cha chuma laini, kimepigwa mpaka kikakubali. Ukikosea inakuumbua hapohapo."

"Na nisipokosea?"

"Hapo hata husikii kitu. Mikono inajua tu."

Marlys alizitazama zote mbili. "Miaka arobaini na sita nimeishi na asiyesamehe kirahisi, Lyle. Nimeshazoea. Fanya hizi za kwake."

"Lakini mimi kama fundi nakushauri..."

"Fundi, kata fimbo."

Basi wakaanza na mipini. Ya Harlan ilikuwa ya chuma, mizito na migumu. Mikononi mwa Marlys haikunyumbuka hata kidogo, ndiyo maana mpira haukupanda. Lyle alimpa mpini wa grafaiti, nyuzi nyepesi za kaboni, ulio laini kuliko yote, kichwa kikatangulia mikono na mpira ukakimbilia kushoto. Wa pili ukamfaa kwa mapigo mawili, pigo la tatu akachoka. Akampa mmoja wa katikati, mwepesi lakini wenye uti wa mgongo, na alipopiga, hawakuwa na haja ya kutazama mpira umekwenda wapi. Walitazamana wao kwa wao.

"Huo," Marlys alisema.

"Huo. Nitaukata inchi moja na nusu. Vichwa nitavipinda leo, digrii mbili kila kimoja. Acha mfuko, uje kesho kutwa."

"Nakaa nione. Harlan alisema ukizipinda unakuwa kama unamvalisha mtoto shati."

Lyle hakutaka akae. Lakini Marlys alikuwa ameshavuta kiti na kuufungua mkate wa ndizi, kwa hiyo akakibana kichwa cha fimbo namba saba kwenye jiliwa, akakitia nyenzo shingoni na kuegemea taratibu. Chuma cha kufua kina adabu. Kilikubali, kikakaa pale kilipowekwa. Akamaliza sita, akamaliza tano. Marlys akamnyooshea inayofuata.

Ilikuwa namba nane.

Lyle aliipokea, akasimama nayo. Miaka kumi na moja iliyopita Harlan alimletea fimbo hizi abadilishe mipira ya kushikia kwenye mipini. Lyle, kwa uzembe wake mwenyewe, alimwachia mteja mpita njia aijaribu namba nane wavuni, akaenda kujibu simu. Aliporudi, mteja hayupo na fimbo haipo. Seti ile ilikuwa haitengenezwi tena. Alitafuta wiki tatu. Mwishowe alipata ya kalibu inayofanana nayo, akaipunguza tumbo, akafuta maandishi, akaing'arisha, akaigonga tarakimu ya nane kwa mkono. Akairudisha mfukoni na kusema samahani, kazi zilikuwa nyingi.

Na Harlan ndiye yule aliyekuwa akijigamba klabuni kwamba ukimfunga kitambaa machoni atakwambia ipi ya kufua na ipi ya kalibu. Lyle alikuwa mtu wa nne wa Alhamisi wakati huo. Alikwenda naye mara moja tu baada ya hapo. Harlan alipochomoa namba nane, Lyle alijikuta akitazama miti. Hakurudi tena. Kila Jumatano jioni Harlan alipiga simu, na kila Jumatano Lyle alisema kazi ni nyingi. Hakuwa na kazi. Alikuwa na aibu, na aibu ikiachwa muda mrefu inageuka kuwa ratiba.

Sasa fimbo iko mkononi, na mjane wa Harlan anasubiri. Chuma cha kalibu hakina adabu ile. Ukikiegemea, shingo inaweza kukatika. Angeweza kumdanganya, akasema hii imeshakaa sawa. Angeamini. Alifungua kinywa kusema hivyo.

"Hii haipindiki," alisema. "Marlys, hii si ya Harlan. Ya kwake niliipoteza mimi. Hii ni ya kalibu, niliiweka nikanyamaza. Amecheza nayo miaka kumi na moja bila kujua. Nilimdanganya rafiki yangu, na nisamehe."

Marlys aliacha kutafuna. Aliifikia fimbo, akapitisha kidole gumba kwenye mpira wa mshiko, pale ambapo kidole cha Harlan kilikuwa kimechimba kishimo kidogo.

"Kumbe ndiyo maana," alisema polepole.

"Ndiyo maana nini?"

"Alikuwa anaiita Mgeni. Akirudi Alhamisi lazima anipe ripoti: Mgeni leo kapiga vizuri, Mgeni leo kanitia mchangani. Nikamuuliza mgeni gani huyo, akasema mgeni wa Lyle. Nikadhani ni utani wenu."

Mashine za duka la kufulia zilikuwa zikinguruma nyuma ya ukuta. Lyle aliketi kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia mchana.

"Tangu lini aliiita hivyo?"

"Mbona tangu zamani. Tangu ulipozibadilisha mshiko."

Lyle alimaliza vichwa vilivyobaki, Marlys akimpa fimbo moja moja. Kabla ya kuvaa koti, Marlys alizirudisha zote kwenye mfuko aliokuwa akimwachia Lyle, isipokuwa moja.

"Umesahau namba nane."

"Sijasahau. Haipindiki, si umesema? Itakuwa ndefu kwangu." Alikuwa ameshafungua mlango, baridi inaingia. "Alhamisi, saa tatu. Ije na wewe."

Gari lake lilipotoka, Lyle aliigeuza ile karatasi ya mlangoni upande wa KUMEFUNGWA, ingawa ilikuwa saa nane mchana. Aliweka mpira kwenye zulia. Alikishika kile kishimo cha kidole gumba, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko kidole chake, akafumba macho, akapiga.

Ilimjibu mpaka kwenye viwiko: mlio mkavu, mkali, wa juu kidogo. Mtu yeyote angejua, tangu pigo la kwanza.

Wavu ulitikisika, ukatulia. Aliweka mpira mwingine.