Mpagazi wa Ihanda

Nesta alikuwa ndani ya handaki la vita vya Mjerumani na Mwingereza, katika shamba la maharage la Elina kule Ikinga, akisafisha mbavu za maiti kwa brashi, mwenye mbavu alipokuja akachuchumaa ukingoni.

"Mwashiuya, wa Ihanda," alijitambulisha. "Walinikamata nikipalilia ulezi, wakanitwika masanduku ya risasi."

Elina aliyekuwa akichuma maharage kando hakuinua kichwa. Alimfahamu tangu alipoolewa hapo. Mzee huyo ndiye aliyemfukuzia nyani shambani.

"Mngemwacha alale, mwanangu," alisema.

"Tumeshamfukua, mama."

"Basi mpelekeni kwao."

Nesta akalipeleka jambo hilo kwa Osward, kiongozi wa wachimbaji. Waliofadhili kazi walimtaka ofisa mmoja wa Kizungu, naye alikwisha kupatikana, akatambuliwa kwa kifungo cha koti. Jeneza lake lilikuwa limeshafika, na bendera yake. Mifupa ya wapagazi ingekwenda stoo ya mjini ikapimwe.

"Lakini huyu ametaja jina na kijiji," Nesta alisema.

"Nimemsikia, hata salamu tumepeana." Osward alifikicha macho. "Ila maneno ya marehemu mwenyewe si ushahidi. Kifungo ni ushahidi."

"Yeye hakupewa koti."

"Ndiyo hivyo."

Nesta angeweza kumfukia tena kimyakimya. Lakini barabara mpya ilikuwa inakuja kupita pale, na tingatinga lisingemuuliza mtu jina. Stoo angalau ilikuwa na paa. Aliwaza hayo hadi kichwa kikamuuma, kisha akaanza kufungasha. Mwashiuya alimshikia boksi, akamwokotea vile vifupa vya vidole vinavyopotea upesi.

Gari la ofisa lilitangulia. La wapagazi lilifuata, Osward mbele na dereva, Nesta nyuma na maboksi, Mwashiuya kando yake. Walipofika Ihanda, mzee aliomba wasimame kidogo.

Pembeni ya barabara Yudita alikuwa akiuza parachichi. Alimtazama mgeni, akayaona masikio ya marehemu baba yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akamsogezea kigoda, akampa maji. Mwashiuya akauliza habari za mkewe.

"Bibi alikungoja mpaka akachoka," Yudita alisema. "Aliagiza paachwe nafasi ubavuni pake. Tumepaacha, hatulimi." Akamgeukia Nesta. "Mnatuachia, siyo?"

"Bado vipimo, dada."

"Vipimo vya nini tena? Si huyu hapa amekaa?"

Nesta alitazama viatu vyake, vyenye udongo wa Ikinga. Osward akapiga honi.

Aliyeinuka kwanza ni Mwashiuya, bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea kuamriwa safari.

"Mifupa yangu imo garini," alimweleza mjukuu wake. "Siwezi kukaa mbali nayo."

"Watakurudisha lini?"

"Hawajasema."

Yudita alijaza mfuko wa parachichi, akachagua zilizoiva, akampa. Kisha akarudi mezani kwake, kwa kuwa lori lilikuwa limesimama na dereva alikuwa akimwita.

Gari liliondoka. Nesta alisogea, akampisha mzee akae dirishani.