Cherehani Sebuleni kwa Bi Zubeda

"Ukikunja uso tu, nitajua kimeoza," alisema Bi Zubeda, mguu wake ukiwa juu ya kigoda.

"Kinapona, Bi Zubeda. Nyama mpya hii hapa."

Lulu alimimina maji ya chumvi taratibu, akasafisha kidonda cha sukari kuanzia katikati kwenda nje, kama alivyofundishwa chuoni. Kwa miezi minane sasa, kila asubuhi hupita kwa jirani huyu kabla ya kwenda kazini. Miaka miwili alikuwa nesi wa kujitolea, malipo yake nauli, na nauli yenyewe siku nyingine haipo. Jana ndipo alipopokea mshahara wake wa kwanza.

Pembeni ya kabati, chini ya kitambaa, ilikaa cherehani ya mama yake, Hamisa. Aliiweka rehani kwa Bi Zubeda, kwa laki tatu, Lulu alipokuwa mwaka wa mwisho wa chuo. Ahadi ya kulipa ilikuwa leo; fundi mmoja wa Mwenge anayetaka kuinunua ameshakuja kuitazama mara mbili.

Hamisa mwenyewe alisimama mlangoni, haingii, hatoki.

Lulu alivua glovu, akatoa bahasha. "Laki na themanini. Mkopo wa chuo wameukata hukohuko kwenye mshahara. Hela hiyo sikuiona hata sura."

"Usome wewe, watangulie kula wao." Bi Zubeda alicheka, kisha akautazama mguu wake, kicheko kikamwishia. "Rudisha hela zako. Tuhesabu bendeji za miezi minane, tumalizane. Chukueni cherehani yenu."

Lulu alimgeukia mama yake. Hamisa alitikisa kichwa.

"Hapana, shoga. Mwanangu hakukuosha mguu kwa deni. Tukianza kuhesabu, kesho utaona haya kumwita."

"Una kiburi wewe, nawe fukara."

"Ndiyo hivyo."

Bi Zubeda aliichukua bahasha, akaiweka chini ya mto. "Basi mie cherehani siiuzi. Ila haitoki humu mpaka laki na ishirini yangu itimie. Ukitaka kushona, shonea hapahapa."

"Sebuleni kwako?"

"Kwani ina kunguni?"

Hamisa alivua kandambili. Alifunua kitambaa, akapuliza vumbi, akapitisha kidole kwenye gurudumu kama anayempapasa mtoto aliyepona homa. Kesho ataleta madera ya watu. Kwa leo alikanyaga tu, bila uzi, bila nguo.

Lulu alipiga magoti tena, akaanza kufunga bendeji. Mguu wa Bi Zubeda ulikuwa ukitikisika, ukifuata mlio wa cherehani.

"Tulia basi, Bi Zubeda."

Hakutulia.