Nyasi za Meneja

Dada Rangi alikuwa na kinyongo, na wala hakikuwa cha kuazima. Kila asubuhi, kabla hajapanda ngazi kupaka ukuta wa jukwaa kuu, aliliangalia geti kubwa upande wa pili wa uwanja, akasonya.

Mdogo wake alikuwa winga wa timu ya mtaa, mbio zake zikampa jina la Kiberenge. Siku moja alivunjika mguu humo humo uwanjani. Wenzake wakatafuta gari, likafika geti kubwa. Meneja wa uwanja akasimama pale, funguo mfukoni.

"Zungukeni mlango wa nyuma! Nyasi zitaharibika."

Nyasi, jamani! Wakambeba kijana wa watu juu ya ubao, wakazunguka uwanja mzima, mfupa umetokeza, analia kama mtoto. Mpaka gari nalo lizunguke mitaa, mpaka wafike hospitali, mguu ulikuwa hauokoleki. Ukakatwa.

Sasa uwanja ule mkongwe ulikuwa unakarabatiwa uwe wa watu wote: timu za mtaani, wanafunzi, akina mama wa mazoezi. Na kamati, sijui ililishwa nini, ikaamua jukwaa kuu liitwe Jukwaa la Meneja, eti kwa kuutunza uwanja. Wa kuliandika jina hilo ukutani? Dada Rangi!

"Dada, achana naye," Kiberenge alimwambia nyumbani. "Yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele? Mguu wako uko wapi?"

Kiberenge akachukua magongo yake, akatoka nje. Aliujua moto wa dada yake.

Kila fundi rangi anajua kwamba chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Dada Rangi akaupaka ukuta rangi nyeupe ya mafuta, akaandika maneno yake mwenyewe kwa buluu ya mafuta, akaacha ikauke kabisa. Juu yake akapiga chokaa nzito, na juu ya chokaa akaandika JUKWAA LA MENEJA kwa rangi ya unga iliyokorogwa na maji matupu. Alijua kazi ataikosa. Na aikose! Alichongoja ni mvua tu.

Siku ya ufunguzi jua likawaka, wala wingu hakuna. Roho ikamuuma. Meneja, sasa mzee, akaja na mkongojo wake na suti iliyopigwa pasi, akalitazama jina lake mbele ya umati, akakunja uso.

"Mbona lina vumbi? Leteni mpira wa maji, lioshwe ling'ae!"

Dada Rangi nusura acheke. Akaufungulia maji yeye mwenyewe.

Meneja akaanza kuchuruzika ukutani. Chokaa ikamwagika kama uji, umati ukaguna, halafu buluu ikatokeza, herufi kubwa kubwa: JUKWAA LA KIBERENGE. Wazee wa mtaa, waliokuwepo siku ile, ndio walioanza kupiga makofi.

"Huna kazi hapa!" mwenyekiti wa kamati alimfokea.

"Sawa, bwana. Ila hiyo haifutiki kwa maji."

Meneja hakutaka kusikia zaidi. Gari lake lilikuwa nje ya geti kubwa, ng'ambo ya uwanja, naye akaukanyaga ukingo wa nyasi mpya ili akatize. Mlinzi wa geti, aliyeshika ncha moja ya ule ubao enzi hizo, akalifunga geti, akatia funguo mfukoni. Dada Rangi akamkinga mzee mbele.

"Zunguka mlango wa nyuma, Meneja. Nyasi zitaharibika."

Mzee akamtazama sana. Akayakumbuka maneno yake mwenyewe. Kisha akageuka, akaanza kuzunguka uwanja mzima kwa mkongojo, watu wote wakimtazama. Dada Rangi akasikia raha mpaka vidoleni.

Kiberenge, yule yule wa yaliyopita si ndwele, alikuwa amesimama mstari wa mbele kwa magongo yake. Mzee alipompita, alimwita kwa sauti ya upole.

"Polepole tu, Meneja. Wewe una miguu yote miwili."